Tembe ya chini ya ulimi inavyotibu mzio

MZIO wa vumbi au chavua humfanya mtu apige chafya, atokwe na kamasi na awashwe na macho. Dawa za kawaida hutuliza dalili hizo tu. Zikikoma, adha hurejea.

Tiba ya kinga hulenga chanzo. Mnamo 1911, Leonard Noon wa London alieleza alivyowadunga wagonjwa chavua ya nyasi kwa viwango vidogo vilivyoongezwa polepole ili miili yao iizoee.

Siku hizi, badala ya sindano, mgonjwa aliyepimwa na kujulikana kinachomdhuru anaweza kupewa tembe yenye kiini hicho, aiweke chini ya ulimi kila siku hadi iyeyuke. Marekani iliidhinisha tembe za chavua mwaka wa 2014, na za wadudu wa vumbi la nyumbani mwaka wa 2017.

Tembe ya kwanza hutumiwa mbele ya daktari, na mgonjwa huchunguzwa kwa dakika 30. Mdomo kuwasha ni jambo la kawaida. Koo kuvimba au pumzi kubana ni hatari. Mwenye pumu kali isiyodhibitiwa hapaswi kuitumia.

Tiba hii hudai subira: kwa kawaida huchukua miaka 3, na anayeiacha njiani huenda akakosa nafuu ya kudumu.