Nyimbo za Kanisa na Usingizi wa Watoto Katika Nchi ya Meru

Mtu apitaye wakati wa magharibi katika vijiji vya mlima Meru, kama vile Akeri, Nkoaranga, au Ilboru juu ya mji wa Arusha, husikia jambo ambalo wenyeji wamelizoea hata hawaliulizi tena. Ndani ya nyumba, moshi wa jikoni ukipanda katikati ya migomba na mibuni, mama amemfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko. Anayumba polepole huku na huku, naye anaimba. Wimbo wake si wimbo wa kuchezea watoto. Ni wimbo wa kanisani, ule ule ulioimbwa na mkutano mzima siku ya Jumapili. Mtoto hajui maana ya neno hata moja, lakini kabla ubeti wa tatu haujaisha amekwisha lala.

Leo twataka kueleza habari ya wimbo huo: ulitoka wapi, uliingiaje katika nyumba za Wameru na Waarusha, na ulipoingia ulikuta nini. Habari hii yafaa kujulikana, kwa maana mwanzo wake haukuwa wa amani.

Kwanza tukumbuke kwamba makabila mengi yana nyimbo za kubembeleza watoto. Wameru wana lugha yao, iitwayo na wenyewe Kirwa, ambayo ni jamaa ya Kichaga cha Machame. Waarusha husema Kimaa, kama Wamasai. Kila lugha ilikuwa na njia yake ya kumtuliza mtoto, na walezi hawakuwa mama peke yake. Bibi alilea, na dada mwenye umri wa miaka saba au minane alilea vile vile, mama akiwa shambani au sokoni. Nyimbo hizo hazikuandikwa mahali. Zilikaa katika vinywa vya walezi, na kwa nyimbo hizo mtoto alianza kuzisikia sauti za lugha ya baba zake kabla hajaweza kutamka neno. Huko pwani nako, mama Mwislamu humlaza mtoto wake kwa kulitaja jina la Mungu mara nyingi kwa sauti ya chini. Basi kumlaza mtoto kwa maneno ya ibada si jambo la Wakristo peke yao, wala si jambo geni katika nchi zetu.

Sasa tuje kwenye mwaka 1896. Katika mwezi wa Oktoba mwaka huo wamisioni wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri, wakapiga hema zao wapate kujenga kituo. Usiku wa tarehe 19 kuamkia tarehe 20 waliuawa. Wenyeji hawakuwaona kuwa wageni wa dini tu. Waliwaona kuwa watangulizi wa serikali ya Wadachi, ambayo ilikuwa imekwisha shika Moshi na sifa yake ilikuwa imekwisha enea. Serikali ikalipa kisasi. Kapteni Johannes alitoka Moshi na askari wake pamoja na mashujaa wa Kichaga, wakaingia nchi ya Meru na Arusha. Ng'ombe walitekwa, nyumba zikachomwa, migomba ikakatwa. Kukata migomba ya watu hawa ni kukata chakula cha watoto wao, kwa maana mtoto aachapo ziwa hupewa ndizi. Miaka michache baadaye boma la Wadachi likajengwa Arusha, na jengo lake lingali limesimama mjini hata leo, nalo ni nyumba ya makumbusho.

Katika nchi yenye kidonda hicho ndimo wamisioni wa Leipzig waliporudi. Mwaka 1902 walianza kituo Nkoaranga, na mwaka 1904 wakaanza Ilboru kwa Waarusha. Mtu atauliza, na ni haki yake kuuliza: yawezekanaje mama aliyeona migomba yake ikikatwa, au binti wa mama huyo, amwimbie mtoto wake wimbo wa watu wa taifa lile lile?

Jibu la kwanza ni kwamba mambo hayakwenda upesi. Watu wachache walikuja, kisha wengine. Wengi walivutwa na shule, wengine na dawa, wengine na mahubiri yenyewe. Na kila aliyekuja, alikutana na wimbo kabla hajakutana na kitabu. Misioni ya Kilutheri haiwezi kufanya ibada pasipo kuimba, na mtu asiyejua kusoma aliweza kushika ubeti kwa moyo baada ya kuusikia mara chache. Kwa hiyo mafundisho mengi yalipitia katika wimbo.

Jibu la pili latupasa kulitafuta nyumbani. Mamisioni waliifundisha shule na mkutano, lakini hawakuingia nyumba za watu usiku kuwalaza watoto. Aliyeupeleka wimbo nyumbani ni mwenyeji. Fikirini yule dada mlezi tuliyemtaja: asubuhi yuko shuleni akijifunza kuimba pamoja na wenzake, na jioni ana mdogo wake mgongoni naye analia. Ataimba nini, kama si kile kilicho karibu na ulimi wake? Tena katika nyumba za Wakristo ilikuwapo desturi ya sala ya jioni. Baba au mama husoma maneno machache, wote huimba, kisha huomba. Saa ya sala hiyo ndiyo saa ya watoto kulala. Watoto wadogo waliposinzia mapajani katikati ya wimbo, wimbo wa ibada ukawa wimbo wa usingizi, pasipo mtu yeyote kuamuru.

Kisha vita kuu ya kwanza ikaja. Wadachi walishindwa katika nchi hii, na mwaka 1920 wamisioni wao wakaondolewa. Wamisioni wa Kilutheri kutoka Marekani walifika baadaye kusaidia. Katika muda huo walimu wenyeji ndio waliozishika shule na ibada. Kama nyimbo zile zingalikuwa mali ya wageni tu, zingaliondoka nao. Hazikuondoka. Na katika miaka ya 1930 wenyeji wakaanza kuwekewa mikono kuwa wachungaji, mmoja wao akiwa Lazaros Laiser wa Arusha. Twaona basi kwamba wimbo ulikuwa umekwisha badilisha mwenyeji wake: ulikuja kama mgeni, sasa ulikuwa mtoto wa nyumbani.

Tena yafaa tujue ya kuwa huko Ulaya kwenyewe nyimbo hizi zilikuwa na undugu na kitanda cha mtoto tangu zamani. Martin Luther alitunga wimbo wa Noeli uliopigwa chapa mwaka 1535, na kwa mapokeo ya Walutheri aliutunga kwa ajili ya watoto wake mwenyewe. Ndani yake mna neno la kale la Kidachi litumiwalo katika kubembeleza. Mwingereza Isaac Watts alitunga wimbo wa kumlaza mtoto unaosimulia kuzaliwa kwa Yesu. Na wimbo ambao Waswahili huuita Usiku Mtakatifu uliimbwa mara ya kwanza Oberndorf katika nchi ya Austria, tarehe 24 Desemba 1818. Maneno ni ya padre Joseph Mohr na sauti ni ya mwalimu Franz Gruber. Sauti yake huenda kwa mwendo wa kuyumba, kama mtu atikisaye kitanda kwa mguu wake. Mama wa Nkoaranga hakuhitaji kuambiwa habari hii. Mgongo wake uliusikia mwendo huo wenyewe.

Kwa nini nyimbo hizi hulaza? Sababu si fumbo. Mwendo wake ni wa polepole. Sauti hupanda na kushuka hatua kwa hatua, bila kuruka ghafula. Beti ni nyingi na sauti ni ile ile, hata mtoto hajui tena kushtuka kwa lolote. Na mama aimbapo nyumbani hafungwi na kinanda wala na mwalimu wa kwaya. Maneno mengi ya Kiswahili hutiwa nguvu katika silabi ya pili kutoka mwisho, na sauti za Ulaya mara nyingi huikosea silabi hiyo. Lakini mama aweza kuivuta au kuikatiza apendavyo, mpaka maneno na sauti vipatane.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, walionyesha kwamba mtoto ambaye hajatimiza siku tatu tangu kuzaliwa aijua sauti ya mama yake. Walimpa chuchu ya mpira iliyounganishwa na mashine, na mtoto akabadili namna ya kunyonya kwake apate kuisikia sauti ya mama kuliko ya mwanamke mwingine. Mwaka 2013 mtaalamu Joanne Loewy na wenzake walitoa habari za watoto 272 waliozaliwa kabla ya wakati, katika hospitali 11. Wimbo ambao wazazi wenyewe waliuchagua, ukiimbwa polepole na kwa utulivu, ulisaidia mapigo ya moyo wa mtoto kutulia, na hofu ya wazazi nayo ikapungua. Angalieni neno hilo: wimbo waliouchagua wazazi. Nguvu haimo katika wimbo wa taifa hili au lile, bali katika wimbo ambao mwimbaji ameupenda na kuuzoea.

Lakini haifai tuseme upande mmoja tu. Wimbo mpya ulipoingia nyumbani, wimbo wa kale ulisukumwa pembeni. Wakristo wengi wa kwanza walifundishwa kuona haya kwa ngoma na nyimbo za wazee, na si walimu wote waliojua kutenganisha ibada ya kale na wimbo wa kumlaza mtoto. Wamisioni wenyewe hawakuwa na neno moja katika jambo hili. Bruno Gutmann, aliyefanya kazi miaka mingi Moshi ya kale, alifundisha kwamba desturi za ukoo zihifadhiwe, akaandika mafundisho ya jando ya Wachaga katika vitabu vikubwa vilivyotoka kati ya mwaka 1932 na 1938. Hata hivyo nyimbo za bibi kwa kitoto kichanga hazikupata waandishi wengi. Bibi mmoja akifa, huenda nyimbo kumi zikazikwa pamoja naye, na hapana atakayejua zilikuwa kumi.

Na hasara ya namna hii hutujia mahali ambapo watu wamekwisha pata hasara nyingine. Mnamo Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 katika nchi yao ya Ngare Nanyuki, ili ardhi ipewe walowezi wa Kizungu. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akaenda New York kuwashitaki mbele ya Umoja wa Mataifa. Watu hao waliacha nyumba na mashamba. Mtu aondolewaye hivyo hawezi kuchukua shamba lake kichwani. Achukua mtoto, sufuria, na maneno aliyo nayo moyoni. Ndiyo sababu twasema wimbo wa kumlaza mtoto si jambo dogo. Ni mali ambayo hapana askari awezaye kuichoma, ila sisi wenyewe twaweza kuisahau.

Njema ni kwamba wako waliotambua hivyo. Katika miaka ya 1960, katika chuo cha theolojia cha Makumira, chini ya mlima Meru, mwalimu Howard Olson aliwahimiza wanafunzi wake walete sauti za nyimbo za makabila yao, zitiwe maneno ya Kikristo. Nyimbo hizo zikachapwa, zikaingia makanisani. Tangu mwaka 1963 Redio Sauti ya Injili ya Addis Ababa ilizitangaza kwaya za Kiswahili zilizotiwa katika sahani na tepu mjini Moshi, mpaka serikali ya Ethiopia ilipokinyakua kituo hicho mwaka 1977. Basi sauti ya kiafrika ilirudi nyumbani kwa mlango wa kanisa, ule ule uliotokea.

Mwisho tuna neno kwa wazazi. Siku hizi yako masanduku ya muziki na simu ziwezazo kuimba usiku kucha bila kuchoka. Havikatazwi, ila visiwekwe karibu na sikio la mtoto, wala visipige kwa nguvu. Lakini chombo hakijui mtoto anapopumua vibaya, wala hakipunguzi sauti aanzapo kusinzia. Mama, baba na bibi wajua. Mwimbieni mtoto wimbo wa kanisa, ikiwa ndio mlio nao moyoni. Hapana aibu, kwa maana umekwisha kuwa wenu. Kisha mwendeeni bibi aliye hai bado, mwulizeni alilazwa kwa wimbo gani. Kijana ajuaye kuandika na akae karibu yake na daftari, aandike maneno kama yatamkwavyo, kwa Kirwa au kwa Kimaa, bila kuyasahihisha. Usiku ni mrefu, na mtoto aliaye huweza kusikia nyimbo mbili.