Demo Ilianza Kama Swali

Kuna maneno utayasikia karibu kila wiki ukifuata wasanii wa mtaa: “Hii ni demo tu, nimerekodi kwa nyumba, niambieni ukweli.” Halafu ngoma inaanza. Sauti inatetemeka kidogo, gita liko mbali, na ukitega sikio vizuri unamsikia jogoo wa jirani ama makanga akiita watu wa tao. Majibu nayo unayajua. Moto, moto, moto. “Umeweza.” “Endelea hivyo hivyo.” Mmoja anamwambia aache kuimba atafute kazi. Siku tatu baadaye msanii ameifuta, na hakuna chenye amejifunza.

Mimi sioni kama shida ni kipaji, na wala si maiki. Shida ni kwamba tumesahau demo ilikuwa kazi gani. Tumeichukua kama ngoma ya bei rahisi, ile ya kutoa kabla hujapata pesa ya studio. Ukirudi nyuma kwa historia utaona kitu tofauti kabisa. Demo ilikuwa swali, na swali huwa na mtu wa kuulizwa.

Tuanzie hapa nyumbani. Nairobi ya miaka ya 1960, kurekodi hakukuwa jambo la kufanyia chumbani. Ukitaka sauti yako ibaki mahali, ulienda studio. Equator Sound ilikuwa moja ya zile za maana, na huko ndiko walikopita kina Fadhili William na Daudi Kabaka. Mashine haikuwa yako, fundi hakuwa wako, na muda ulikuwa pesa ya mtu mwingine. Huwezi kuingia pale ukaanza kutafuta kiitikio. Wimbo ulitakiwa ufike ukiwa umeiva.

Sasa uliivia wapi? Mbele ya watu. Kwa baa, kwa kumbi za mtaa, kwa harusi. Ukiimba ubeti na watu wakarudi kuketi, umejibiwa. Wakijaa uwanjani, umejibiwa pia. Pwani jibu lilikuwa wazi zaidi. Kwa harusi za taarab, mtu akiguswa na ubeti anainuka, anatembea hadi mbele na kumtunza mwimbaji. Mwimbaji anaona kabisa ni mstari gani umemwinua nani. Mombasa hata kaseti nyingi za taarab zilitokana na hizo shughuli zenyewe, zikauzwa kwa maduka kama Mbwana Radio Service. Yaani maoni yalitangulia, kaseti ikafuata.

Hilo lilikuwa sikio la kwanza katika hadithi yetu: umati unaouona kwa macho. Ulikuwa mkali, lakini haukuwa na pa kujificha. Mtu hawezi kukuzomea halafu abadilishe jina.

Mambo yakageuka mwaka wa 1979. Kampuni ya Japani inayoitwa TEAC ilitoa mashine ya Portastudio 144. Kabla ya hapo, kurekodi sauti kadhaa moja juu ya nyingine kwa kawaida kulitaka mitambo mikubwa ya tepu. Hii mpya ilitumia kaseti ya kawaida, ile ile ya kununua dukani, ila iliigawanya njia nne. Unaweka gita kwa njia ya kwanza, sauti kwa ya pili, unarudisha kaseti nyuma, kisha unaongeza kinanda cha mdomo ama sauti ya pili juu yake. Ilikaa juu ya meza. Haikuwa rahisi kwa kila mtu kuinunua, lakini nayo mwimbaji mmoja, peke yake, angeweza kujisikia akiwa watu wanne.

Na hapa ndipo anaingia jamaa ambaye hadithi yake ningependa kila msanii wa chumbani aijue: Bruce Springsteen wa Marekani.

Mwisho wa 1981 Springsteen alikuwa tayari staa. Albamu yake ya 1980, The River, ilikuwa imefika namba moja Marekani. Lakini alikuwa amechoka na kitu kimoja: alikuwa anaandikia nyimbo zake ndani ya studio, saa zikihesabiwa, pesa ikiisha, bendi nzima ikimngoja. Akamwomba fundi wake, Mike Batlan, amtafutie mashine ndogo ya nyumbani. Alitaka kujua kama nyimbo zinasimama kabla ya kuwaita watu. Hilo tu.

Batlan akaleta Portastudio. Wakaiweka kwa chumba cha kulala, kwa nyumba ya kupanga huko Colts Neck, New Jersey. Maiki mbili za kawaida, aina ya Shure SM57. Kufikia tarehe 3 Januari 1982 alikuwa ameketi na kurekodi sehemu kubwa ya nyimbo alizokuwa nazo. Baadaye akazichanganya na kuziweka kwa kaseti moja kupitia redio kaseti ya Panasonic, tena moja iliyokuwa imewahi kuharibiwa na maji. Ukisikia leo mtu anasema hawezi kuanza kwa sababu hana hedifoni nzuri, mkumbushe hiyo Panasonic.

Halafu akafanya kitu ambacho ndicho kiini cha haya yote. Hakuisambaza. Aliituma kwa mtu mmoja, meneja na prodyuza wake Jon Landau, pamoja na barua ya kuandika kwa mkono. Kwenye barua alieleza nyimbo zile, ameziwaza vipi, na ni wapi yeye mwenyewe ana wasiwasi. Kaseti iliyobaki akatembea nayo mfukoni kwa wiki kadhaa, haina hata kasha.

Hebu ona tofauti. Yeye hakusema “niambie ukweli.” Alisema: huu wimbo nimeuwaza hivi, huu sina uhakika nao. Landau hakupewa kazi ya kumpenda. Alipewa kazi ya kusikiza.

Hilo ni sikio la pili: mtu mmoja, anayekujua, aliyepewa swali mahususi.

Kilichofuata ndicho kinanifurahisha zaidi. Mwezi wa nne na wa tano 1982, bendi yake, E Street Band, ilikusanyika studio jijini New York kurekodi nyimbo zile vizuri. Ngoma, besi, kinanda, kila kitu. Baadhi zikapaa. Born in the U.S.A., ambayo ilikuwa kwa kaseti ile ile ikiwa ya gita na sauti tu, ikawa kubwa na bendi, na baadaye mwaka wa 1984 ikabeba jina la albamu nzima. Lakini nyingine zikafa. Kadiri walivyozipamba ndivyo zilivyopoteza ule upweke uliozifanya ziumize. Mwishowe wakakubali jambo la ajabu: demo ndiyo albamu. Ile kaseti ya mfukoni.

Hata kuigeuza kuwa santuri kuliwatoa jasho, kwa sababu sauti ilikuwa chini na haikukusudiwa kufika huko. Lakini Nebraska ikatoka tarehe 30 Septemba 1982, ikiwa na nyimbo 10, bila ziara ya kuitangaza. Zaidi ya miaka 40 baadaye, mwaka wa 2025, imetengenezewa hadi filamu.

Somo ambalo wengi hutoa hapa ni “kumbe ubora wa sauti haujalishi.” Mimi sikubaliani. Kwa Born in the U.S.A. ulijalisha sana. Somo ni kwamba jibu la demo lilikuwa tofauti kwa kila wimbo, na walilipata kwa kujaribu pande zote mbili. Kuna wimbo ulisema “niitie bendi,” na mwingine ukasema “niache.” Hakuna komenti ingeweza kumwambia hivyo.

Najua utanijibu: huyo alikuwa staa, alikuwa na meneja, mimi nina simu na bandali za jioni. Sawa. Basi mwangalie Daniel Johnston. Kijana wa Marekani, hana kampuni, hana studio. Mwaka wa 1983 alirekodi kaseti yake Hi, How Are You kwa redio kaseti ya bei nafuu. Akiwa Austin, Texas, alifanya kazi McDonald’s, na kaseti zake alikuwa anawapa watu mkononi. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza, na rekodi zilijaa mvumo wa mashine. Lakini kila aliyepokea alikuwa amemtazama usoni. Mdogo mdogo jina likaenea jijini, na mwaka wa 1992 Kurt Cobain wa Nirvana akaonekana kwa tuzo za MTV amevaa fulana yenye picha ya kaseti ile.

Sisemi kwamba mkono mmoja baada ya mwingine utakufikisha MTV. Johnston mwenyewe alipitia maisha magumu, ugonjwa wa akili ukimwandama hadi alipofariki mwaka wa 2019. Ninachosema ni kwamba hata asiye na meneja anaweza kuchagua nani atasikia kwanza.

Kisha intaneti ikaingia, na sikio la tatu likazaliwa: umati usiouona. SoundCloud ilifunguka mwaka wa 2008. Huku kwetu, nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka wa 2009, na pole pole kupakia wimbo kukaacha kuwa kazi ya usiku kucha saiba. Leo programu ya kurekodi iko ndani ya simu, na ina njia nyingi kuliko Portastudio ya Springsteen.

Mfano ambao kila mtu hutaja kwa zama hizi ni Billie Eilish. Watu huusimulia kama miujiza: msichana wa miaka 13 anapakia Ocean Eyes mwezi wa Novemba 2015, na dunia inaamka. Wanaruka sehemu muhimu. Wimbo uliandikwa na kakake, Finneas, na wakaurekodi nyumbani kwao Los Angeles. Ulipakiwa ili mwalimu wa densi wa Billie aupate autungie mchezo. Haukuwa umelengwa dunia. Ulikuwa na msikilizaji mmoja mwenye kazi nao. Na kabla yake, ulikuwa na ndugu wawili chumba kimoja, kila mmoja akiwa sikio la mwenzake. Waliendelea hivyo hivyo, hadi, baada ya albamu iliyorekodiwa sana kwa chumba cha Finneas, Billie akapata zile Grammy nne kubwa mwezi wa Januari 2020.

Sasa ona kosa letu. Tunaruka sikio la kwanza, tunaruka la pili, tunaenda moja kwa moja kwa la tatu, halafu tunalitaka lifanye kazi ya yale mawili. Umati usiouona unaweza kukupa umaarufu, unaweza kukupa matusi, unaweza kukupa wafuasi. Lakini hauwezi kukuambia kwamba ubeti wako wa pili unarudia wa kwanza, kwa sababu haujui ulikuwa unajaribu kusema nini. Anayekupa moto hajakudanganya, amekusalimia tu. Wewe ndiye umechukua salamu ukaifanya mtihani.

Na hii si mambo madogo. Kuna wasanii wenye walizima kabisa kwa sababu demo moja, ambayo hata haikuwa imemaliza kuzaliwa, ilikutana na watu elfu kabla haijakutana na mmoja. Zamani wimbo mbaya uliimbwa Jumamosi, ukasahaulika Jumapili, na mwimbaji akaurekebisha. Sai unapigwa picha ukiwa mtoto mchanga, na picha haifutiki.

Kwa hivyo kama uko na kitu kwa simu yako leo, kabla hujakiachia watu, kitumie mmoja. Chagua mtu ambaye amewahi kukuambia “hapana” na bado mkabaki marafiki. Mwandikie kama venye Springsteen alivyoandika: huu wimbo unahusu nini, na mahali gani pananitia shaka. Muulize kitu kinachojibika. “Ulichoka dakika ya ngapi?” ni swali. “Uko aje?” si swali. Kisha uuimbe mahali watu wanakuona, hata kama ni kwa arusi ya binamu ama kwa rusti ya ploti, uangalie miguu yao. Sikiza wenye watanyamaza ghafla, na wenye watatoa simu.

Ukimaliza hayo, iachilie dunia. Hapo sasa hata akija yule wa kukuambia utafute kazi, utamsoma ucheke, kwa sababu swali lako lilishajibiwa zamani, na watu unaowajua kwa majina.