Vumbi la Dhahabu na Mazungumzo ya Seli Ndani ya Mapafu

Mwezi wa Agosti mwaka 1930, madaktari wa mataifa mbalimbali walikusanyika Johannesburg, kwa wito wa Shirika la Kazi Duniani, wakayajadili maradhi ya mapafu yawapatayo wachimba madini kwa kuvuta vumbi la silika. Na mwaka uliofuata dhahabu ikagunduliwa Kakamega, nchini Kenya, na migodi ikaenea hata Nyanza ya Kusini, hususan Macalder, katika Kaunti ya Migori ya leo, mgodi uliotoa dhahabu na kisha shaba mpaka ukafungwa mwaka 1966. Yakini, basi, elimu ya madhara ya vumbi ilitangulia sururu.

Dhahabu ya Migori aghalabu hukaa ndani ya mishipa ya kwatzi, jiwe gumu la silika ambalo wachimbaji wadogo wa Nyatike hadi leo hulipasua kwa nyundo na kulisaga kwa mashine hali likiwa kavu. Punje zake ndogo kabisa, zisizodirikika kwa macho, huteremka hata vifuko vya hewa, na huko humezwa na makrofaji, walinzi wa jamii ile ya seli ambayo Élie Metchnikoff aliibainisha katika miaka ya 1880. Lakini fuwele ya silika haiyeyushwi. Huipasua seli iliyoimeza, ikabaki nzima, ikamezwa na nyingine, nayo ikafa vivyo hivyo.

Amma kila seli, kabla haijafa, hupeleka habari kwa jirani zake. Katika nafasi nyembamba iliyopo baina ya vifuko vya hewa na mishipa ya damu hukaa faibroblasti, mafundi wa kutengeneza jeraha, ambao Giulio Gabbiani na wenzake, huko Geneva, walionyesha mwaka 1971 ya kuwa wakiitwa kwenye kidonda hupata nguvu ya kukaza mfano wa msuli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Marekani, miongoni mwao Anita Roberts na Michael Sporn, waliitenga protini iitwayo TGF-beta, nayo imedhihirika kuwa mjumbe mkuu wa kuwaamuru mafundi hao wafume kolajeni. Linalonishangaza kupita yote ni hili: mjumbe huyu huwekwa akiba, amefungwa ndani ya kovu lenyewe, na seli zinapolivuta kovu lililokwisha kuwa gumu, humfungua, akaamrisha kovu jingine. Ndiyo sababu mtu aweza kuacha mgodi, na ugonjwa usimwache. Dawa za pirfenidone na nintedanib, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa kovu la mapafu lisilojulikana asili yake, hupunguza mwendo wa maradhi hayo, wala haziliondoi kovu.

Fauka ya hayo, makrofaji waliodhoofishwa na silika ndio waliopasa kuiua bakteria ya kifua kikuu. Jambo hili ni zito mno Homa Bay, kaunti jirani iliyoumizwa sana na Ukimwi, ambako Madaktari Wasio na Mipaka walianza kazi mwaka 1996 na kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi tangu 2001. Silika na virusi vikikutana katika mwili mmoja, hatari ya kifua kikuu huzidi maradufu. Na katika picha ya eksirei vivuli vya kovu la silika na vya kifua kikuu huweza kufanana. Kwa hiyo mgonjwa aliyemaliza miezi sita ya dawa za kifua kikuu, makohozi yake yakawa safi ilhali pumzi bado hazimtoshi, astahili kuulizwa amefanya kazi gani, wapi, na kwa miaka mingapi, na jibu lake liandikwe katika cheti chake.