Fundo, Kitanzi na Chambo: Uvuvi wa Ndoana katika Ziwa Kivu

Hapa kwetu Goma tukitaja uvuvi, mtu anafikiri palepale sambaza, taa za usiku na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti. Kumbe sambaza ni mgeni. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya mwaka wa 1958 na 1960. Wakoloni walitaka zaidi ndugu yake, Stolothrissa, lakini huyo hakudumu. Sambaza ndiye aliyezaa. Mbele ya hapo wazee wetu walivua samaki wa karibu na kando, kwa mitego ao kwa ndoana. Tuzungumze juu ya ndoana, maana ufundi wake uko unasahaulika.

Wengi wanasema siri ni chambo. Wazee walitufundisha kuangalia kwanza fundo. Fundo likibana jicho la ndoana, zaidi kama uzi ni mnene, chambo kinasimama kama kijiti na samaki anakiogopa. Ukiacha kitanzi kidogo ndani ya jicho, ndoana inaning'inia huru, na mnyoo ao kipande cha bati kinachong'aa kinacheza na maji kama kiumbe kizima.

Jambo la pili ni kubadilisha haraka. Mvuvi anafunga ndoana kwenye kipande cha uzi mwembamba, na mwisho wake anaacha kitanzi. Uzi mkubwa nao una kitanzi. Anavisha kimoja juu ya kingine, anapitisha ndoana katika kitanzi cha uzi mkubwa, anavuta, basi. Ndoana ikikwama katika mawe ya volkano, kama yale yaliyoingia ziwani Januari 2002, kinakatika kile kipande tu. Anavisha kingine, kazi inaendelea.

Nyuzi za mimea zilishika fundo vizuri. Nailoni, iliyotangazwa Marekani mwaka wa 1938, inateleza, na ukiikaza ikiwa kavu inaharibika kwa joto la msuguano. Ndiyo sababu mvuvi analowesha fundo kwa mate mbele ya kulikaza.

Taa ya sambaza nayo ni chambo: mwangaza unavuta wadudu wadogo wa majini, na sambaza anawafuata. Hatuikatai, inalisha mji. Lakini kuna vijana wanaoburuta chandarua cha mbu kando ya ziwa na kubeba hata watoto wa samaki. Ndoana inachagua: ikiwa kubwa, kinywa kidogo hakiimezi.

Siku moja darasani tuliuliza nani anajua kufunga ndoana. Mikono miwili tu ilipanda, nasi tunaishi fasi ambapo ziwa linaonekana barabarani. Ndugu mzazi, uzi wa metre tatu na ndoana moja vinatosha. Mpeleke mtoto kwa mzee anayejua, Jumamosi hii, mzee akiwa bado na nguvu ya kuonyesha.