Kutoka Mizani hadi Grafu: Kumbukumbu za Halijoto ya Ukaangaji na Usomekaji wa Ubora wa Kahawa ya Mbinga

1.0 Utangulizi

Historia ya kahawa wilayani Mbinga imeandikwa zaidi kama historia ya ardhi, bei na ushirika. Watafiti wameeleza kwa kina mashimo ya ngoro ambayo Wamatengo huyatumia kuzuia mmomonyoko kwenye miteremko, kuenea kwa mibuni kuanzia miaka ya 1920, na kuinuka na kuanguka kwa vyama vya ushirika. Jambo moja limepewa nafasi ndogo: hati zinazoeleza ubora wa kahawa hiyo, na watu waliokuwa na uwezo wa kuzisoma. Makala haya yanalijadili jambo hilo kwa kuanzia na hati iliyo mpya kuliko zote katika mnyororo wa kahawa, yaani kumbukumbu ya halijoto inayotunzwa na programu ya ukaangaji. Hoja kuu ni kwamba kwa muda mrefu mkulima wa Mbinga aliweza kusoma uzito wa kahawa yake lakini hakuweza kusoma ubora wake. Kumbukumbu ya halijoto inaweza kupunguza pengo hilo, ila kwa sharti kwamba nayo isomeke.

2.0 Mizani ya Kijijini na Ulimi wa Mbali

Tangu vyama vya wakulima wa Ungoni na Umatengo vilipoanza kuuza mazao kwa pamoja katika miaka ya 1930, chombo kikuu cha haki kijijini kilikuwa mizani. Mizani ilisimama mbele ya mkulima. Aliuona mshale ukitulia, akasikia kilo zikitajwa, akapewa stakabadhi. Pale alipohisi kupunjwa, alikuwa na hoja ya kusimamia: gunia lipandishwe tena. Ukubwa wa punje nao ulipimika kwa macho, kwa kuwa madaraja kama AA, A na B hutokana na matundu ya chekeche.

Ubora wa kikombeni ulikuwa jambo jingine. Huo uliamuliwa kwa kuonja, na kwa miongo mingi makao ya uonjaji na mnada yalikuwa Moshi, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Mbinga. Mifumo ilibadilika mara kadhaa. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982. Wanunuzi binafsi wakaingia baada ya soko kufunguliwa msimu wa 1994/95. Na kuanzia msimu wa 2018/19 Serikali ikaelekeza kahawa ipitie tena kwenye vyama vya msingi. Katika mabadiliko hayo yote mgawanyo mmoja haukuguswa: uzito ulisomwa kijijini, ladha ikasomwa mbali. Mkulima alirudishiwa hukumu bila mwenendo wa shauri.

3.0 Ukaangaji kama Kiungo Kilichosahauliwa

Kati ya punje na ulimi pana moto. Hakuna anayeonja kahawa mbichi. Sampuli hukaangwa kwanza, ikasagwa, ndipo ikamiminiwa maji. Taratibu za uonjaji zinazofuatwa kimataifa hutaka sampuli ikaangwe kwa dakika 8 hadi 12, ipumzishwe kwa saa zisizopungua 8, kisha ionjwe ndani ya saa 24. Masharti hayo yapo kwa sababu moto una uwezo wa kudanganya. Joto likizidi mapema, punje huungua nje na kubaki mbichi ndani, na kikombe hutoa ladha ya majani. Joto likilegea kwa muda mrefu, utamu na uchachu hufifia. Kwa hiyo inawezekana kabisa dosari ya mkaangaji ikaandikwa kwenye hesabu ya mkulima.

Hapo kale mkaangaji hakuacha hati yoyote. Muuza kahawa wa pwani aliyekoroga punje kikaangoni alitegemea rangi, harufu na mlio. Hata mashine iliyosajiliwa na Jabez Burns mjini New York mwaka 1864, ambayo ilirahisisha kumwaga kahawa iliyoiva, iliendelea kutegemea jicho na pua za mwendeshaji. Maarifa hayo yalikuwa sahihi, lakini yalikwisha pamoja na moshi. Mwanahistoria hana pa kuyashika, na mkulima hana pa kuyahoji.

Hali hiyo ilibadilika pale kihisi joto kilipounganishwa na kompyuta. Msingi wake wa kifizikia ni wa zamani: mwaka 1821 Thomas Seebeck alibaini kwamba metali mbili zilizounganishwa huzalisha athari ya umeme pale ncha zake zinapotofautiana joto. Leo programu kama Artisan, ambayo ni huria na haina malipo, hupokea vipimo vya kihisi cha aina hiyo kila baada ya sekunde chache, ikachora grafu na kuihifadhi. Kwa mara ya kwanza, moto umeacha nyaraka.

4.0 Kuisoma Grafu kwa Uhakiki

Nyaraka hizo, kama nyaraka nyingine zozote, zinahitaji uhakiki wa chanzo. Mifano mitatu inatosha kuonyesha ugumu wake.

Kwanza, grafu ya ukaangaji huanza na mporomoko. Punje zinapomiminwa kwenye pipa lenye nyuzi 200 za Sentigredi, mstari hushuka kwa dakika moja hivi hadi karibu nyuzi 90, kisha hupanda. Msomaji mgeni ataamini kwamba kahawa ilipoa. Ukweli ni kinyume: punje zilianza kupata joto tangu zilipoingia. Kilichoporomoka ni kipimo cha kihisi, ambacho kilikuwa ndani ya hewa ya moto na sasa kimezungukwa na punje baridi. Grafu husimulia habari za kihisi kwanza, na za kahawa baadaye.

Pili, tarakimu nyingi hazimaanishi usahihi mwingi. Kihisi cha aina ya K kinachotumika sana huruhusiwa kukosea kwa nyuzi 2.2 juu au chini. Programu inapoandika 196.37, zile tarakimu baada ya nukta huipamba namba tu pale tunapolinganisha mashine mbili tofauti. Mlio wa kwanza wa kupasuka kwa punje, ambao husikika karibu na nyuzi 196, ni alama ya kutegemewa zaidi kwa kuwa unatoka kwenye kahawa yenyewe.

Tatu ni kasi ya kupanda kwa joto, ambayo wakaangaji huithamini sana. Programu ikihesabu kasi hiyo kwa tofauti ya sekunde moja, kosa dogo la nyuzi 0.1 hugeuka kuwa nyuzi 6 kwa dakika, na mstari hurukaruka pasipo maana. Ikihesabu kwa sekunde 30, kosa hilohilo hubaki nyuzi 0.2 kwa dakika. Mstari hutulia, lakini huchelewa kuonyesha badiliko la kweli. Hivyo basi, usomekaji ni zaidi ya suala la rangi au ukubwa wa herufi. Kila mstari uliolainishwa umefasiriwa tayari, na msomaji ana haki ya kujua umefasiriwa vipi.

5.0 Hitimisho: Hati kwa Ajili ya Nani?

Mbinga ina bidhaa nyingine inayothaminiwa kwa kipimo cha joto. Makaa ya mawe ya Ngaka, katika Kata ya Ruanda, huuzwa kwa kuzingatia kiasi cha nishati yanachotoa yakichomwa, na mnunuzi hutegemea cheti cha maabara. Hakuna anayeona ajabu cheti hicho kuambatana na shehena. Kwa kahawa, cheti cha namna hiyo kingekuwa kumbukumbu ya ukaangaji wa sampuli.

Makala haya yanapendekeza kwamba matokeo ya uonjaji yanaporudishwa kwenye chama cha msingi, yaambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili. Ukurasa huo uonyeshe muda na halijoto katika hatua nne pekee: punje kuingia, rangi kugeuka njano, mlio wa kwanza, na punje kutolewa. Vipimo vya mhimili viwe vilevile kila msimu, ili karatasi ya mwaka huu iwekwe kando ya ile ya mwaka jana. Katibu wa chama akiona sampuli ilikaa motoni dakika 15, atakuwa na hoja ya kudai ikaangwe upya, kama baba yake alivyodai gunia lipandishwe tena mizanini.

Pendekezo hili halimfanyi mkulima kuwa muonjaji, wala haliondoi utaalamu wa walio Moshi. Linamrudishia nafasi aliyokuwa nayo mbele ya mizani: kuona mshale, na kuuliza.