Chembe cha Mshale

Tangu niache chuo mwaka wa pili (karo, hadithi ni ile ile) nimekuwa nikila kwa kuandikia watu mtandaoni. Nimeandika kuhusu bima ya paka. Nimeandika kuhusu mashine za kukata nyasi nisizowahi kuziona, na kuhusu njia salama ya kuondoa theluji mlangoni, haya yote nikiwa Mishomoroni, Kisauni, chumba kimoja, feni mbovu, jasho linatiririka hadi kwenye kibodi. Kwa hiyo mwaka jana oda ilipoingia kutoka kwa mteja wa Marekani, sikushtuka. Maneno 1500, dola 15, siku mbili. Mada: jinsi ya kuchagua vichwa vya mishale vya kutegemewa kwa kuwindia kulungu.

Kwanza, kulungu mwenyewe. Mnyama ambaye Mmarekani anamwinda hayuko kwetu kabisa. Yule huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine. Kulungu wetu, huyu wa Shimba Hills, pembe zake ni za maisha. Tumempa yule wa kwao jina la huyu wa kwetu kwa sababu kamusi lazima zijazwe. Sawa, nikaendelea.

Nilijifunza kwamba kuna vichwa visivyobadilika, vyenye makali yaliyokaa pale pale, na kuna vya kujikunjua, ambavyo hupaa vikiwa vimefunga mbawa na kufunguka vinapogonga mnyama. Vya kujikunjua huruka vizuri lakini hula nguvu vinapofunguka, kwa hiyo mwenye upinde dhaifu anashauriwa aviache. Wembe lazima uwe mkali wa kunyolea. Mshale ukizungushwa juu ya kiganja usitetemeke, ukitetemeka kichwa hakijakaa sawa. Kazi yake yote ni kukata mishipa ili mnyama avuje damu haraka na asiende mbali. Na uzito wake wanaupima kwa kipimo cha zamani cha Waingereza, kilichotokana na uzito wa punje ya nafaka. Cha kawaida ni punje 100 au 125.

Hapo ndipo nilipokwama, manake punje kwa Kiswahili ni chembe. Na kichwa cha mshale, ukifungua kamusi yoyote ya zamani, nacho ni chembe. Chembe cha chembe mia. Niliandika sentensi hiyo nikaicheka peke yangu, halafu nikajiuliza nimelijua wapi hili neno. Shuleni sikufunzwa. Kwenye vitabu nilivyosoma nakumbuka tu chembe cha moyo, pale mbavu zinapokutana. Mtu niliyewahi kumsikia akilitamka kwa maana ya chuma ni mmoja. Asubuhi yake nikapanda matatu hadi mjini, nikavuka feri, nikaenda Mtongwe kwa babu.

Babu ni Mdigo wa Likoni, ana miaka themanini na kitu, alifanya kazi viwandani Changamwe hadi kustaafu. Nilimsomea mashauri ya Wamarekani, nikiyatafsiri papo hapo. Alisikiliza vizuri. Ile ya kuzungusha mshale aliikubali, alisema wao waliuzungusha juu ya ukucha wa dole gumba. Ile ya mbawa za kufunguka ilimchekesha hadi akakohoa.

"Sasa kikikataa kufunguka, nguruwe anakungoja ukitengeneze?"

Halafu akanipa somo la maneno ambayo kwangu yalikuwa kama ya nchi nyingine. Uti wa mshale ni wano. Kamba ya uta ni upote. Mfuko wa mishale ni podo, au ziaka. Vyembe vyao vilifuliwa na mhunzi kutoka misumari ya inchi sita, na walivitumia kwa nguruwe mwitu na nyani waliokuwa wakimaliza mihogo. Nilimuuliza chembe cha kutegemewa ni kipi. Akasema ni kile unachomjua aliyekifua. Niliiandika kwenye simu nikidhani ni methali tu ya wazee. Baadaye niligundua alikuwa akisema jambo la kweli kabisa.

Hapa nitoke kidogo kwa babu, kwa sababu historia ya mshale upande wetu huu wa bara ni kubwa kuliko nguruwe.

Ukitoka kisiwani kwenda Changamwe unapita Makupa. Leo ni daraja, malori na foleni. Enzi za Wareno palikuwa na kivuko cha maji mafupi ambapo mtu angeweza kuvuka kwa miguu maji yakitoka, na Wareno wakajenga vingome vitatu vidogo pale pale. Ngome kubwa, Fort Jesus, walioanza kuijenga 1593, inatazama bahari. Hivi vitatu vilitazama bara. Adui wa baharini alikuja na mizinga. Wa bara, watu ambao Wareno waliwaita Muzungulo na ambao leo tunawahesabu miongoni mwa mababu wa Wamijikenda, alikuja na uta. Mji ulikuwa ukiwategemea na kuwaogopa kwa wakati mmoja. Agosti 1505, Francisco de Almeida alipokuja kuichoma Mombasa, miongoni mwa waliomkabili walikuwa wapiga mishale walioletwa kutoka bara. Mwaka 1614 Sultani Hasan bin Ahmad alikimbilia bara akitoroka Wareno, akauawa huko huko, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe, Yusuf bin Hasan, alilelewa na Wareno, akabatizwa Dom Jerónimo, akarudishwa Mombasa kutawala. Agosti 1631 aliingia Fort Jesus, akamuua nahodha wa Kireno, na katika siku zilizofuata Wareno wa mjini wakauawa, wengi kwa mishale.

Agosti tena 1914, Wagiriama, mwaka mmoja baada ya Mekatilili wa Menza kuwalisha kiapo cha kukataa kazi na kodi za Mwingereza, walipigana kwa nyuta dhidi ya bunduki, na Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti. Huu mwezi wa Agosti una nini na pwani yetu sijui. Nautaja tu kwa sababu utarudi.

Lakini mabingwa wa mshale wenyewe hawakuwa Wadigo wala Wagiriama. Walikuwa Wawata, ambao Wagiriama waliwaita Waliangulu, wawindaji wa ndovu wanaozungumza lugha ya jamii ya Kioromo, kwenye nyika ya nyuma ya Malindi hadi Tsavo. Uta wao ulihitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100 kuuvuta, yaani kama kilo 45 na zaidi. Wapo wanaoufananisha na uta mrefu wa Waingereza wa zama za kati. Wengi wetu wa mazoezi ya jimu tusingeufikisha kifuani.

Na chembe chao ndicho kilichonipindua mawazo. Kilikuwa kidogo. Baada ya siku mbili za kusoma kuhusu makali mapana ya Marekani, nilitarajia mnyama mkubwa apigwe kwa kitu kikubwa. Kumbe fikra ni tofauti kabisa. Mmarekani anaua kwa kukata, kwa hiyo anataka upana. Mwata aliua kwa sumu, kwa hiyo alitaka kupenya tu. Chembe kilikaa kwenye kijiti chembamba kilichochomekwa kwenye wano. Mshale ukipiga, wano linadondoka na kijiti kinabaki ndani na sumu yake. Sumu yenyewe ilizungushiwa ukanda wa ngozi laini, isikauke kabla ya siku yake na isimchubue mwenyewe. Kwao kutegemewa hakukuhusu wembe. Swali lilikuwa: sumu hii imepikwa lini, na nani?

Mara nyingi ilipikwa na Wagiriama, wataalamu waliowauzia. Mti unaitwa mutsungu, sumu utsungu, na ukiyageuza matamshi unapata neno letu uchungu. Wanasayansi wanaita kiini chake wabaini, jina lililotoka kwa Wasomali, waabaayo. Mfaransa Arnaud alikitenga mwaka 1888, na madaktari wa Ulaya wakakitumia kwa miaka mingi kama dawa ya moyo, kwa kipimo kidogo sana. Kwenye damu husimamisha moyo. Tumboni hakipenyi kirahisi, ndiyo maana nyama iliweza kuliwa. Kuna hata panya mmoja wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu, anayetafuna magome ya mti huo na kujipaka mate yake ubavuni ili mbwa akimuuma ajute. Hilo lilithibitishwa 2011. Nililiweka kwenye makala ya mteja. Alilifuta.

Kila mwindaji wa Kiwata alitia alama yake kwenye mishale, ili ndovu akipatikana ameanguka mbali ijulikane pembe ni za nani. Alama hizo ziliwaponza. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa 1948, na ardhi waliyowindia ikawa haramu kwao. Katika kampeni ya 1956 na 1957, iliyoongozwa na akina David Sheldrick na Bill Woodley, mshale uliookotwa kwenye mzoga ulikuwa kama sahihi ya mwenyewe. Wakafungwa, kijiji baada ya kijiji. Waliosalia walisahauliwa.

Sasa linganisha. Miaka hiyo hiyo ya mwanzoni mwa 1950, Mmarekani Howard Hill alikuja Afrika, Kongo ya Wabelgiji, akawinda ndovu kwa uta na mishale, na filamu yake ikaonyeshwa sinema kwa jina la Kiswahili: Tembo. Robo karne kabla yake, 1925, Saxton Pope na Art Young walikuwa Tanganyika wakilenga simba kwa mishale. Pope mwenyewe ufundi huo aliupata kwa Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi wa California, aliyejitokeza 1911 baada ya watu wake kumalizwa, akafa 1916. Kitabu cha Pope cha 1923 ndicho kilichowapa Wamarekani hamu ya mchezo huu, ule ule unaonilipa mimi dola 15. Kitendo ni kimoja: uta, mshale, ndovu. Hill alipata filamu, Mwata alipata kifungo. Sisemi ndovu wafe, wala siombi uwindaji urudi. Kenya iliupiga marufuku 1977 na mimi nimeridhika. Nasema tu kuna mtu alipaswa kuniambia haya darasani.

Nikarudi kwa babu, siku ya pili, na swali ambalo nyumbani kwetu haliulizwi. Mishale yako iko wapi?

Nilizaliwa baada ya 1997, kwa hiyo naijua kama wengi wa umri wangu wanavyoijua, kwa minong'ono. Usiku wa tarehe 13 Agosti vijana walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari sita, wakachukua bunduki, kisha wakawageukia majirani waliotoka mikoa mingine. Walikuwa na mapanga, nyuta na mishale, na nyuma yao, kama tume ya Jaji Akiwumi ilivyokuja kusikia, palikuwa na siasa za uchaguzi wa mwaka huo. Zaidi ya watu mia moja walikufa. Kama laki moja walihama. Kisha ikaja operesheni, na mwanamume yeyote wa Kidigo mwenye uta nyumbani alikuwa na la kueleza.

Babu alisema alichimba shimo usiku na kuzika podo zima pamoja na uta. Nilitegemea aishie hapo. Akaendelea, akitazama mkeka. Siku moja kabla ya kuzika alipita nyumba ya jirani yake, Mjaluo aliyefanya naye kazi Changamwe, ambaye alikuwa ameshakimbia na wanawe. Mlangoni palikuwa na mshale umechomeka. Akauchomoa. Kwenye chembe akaona mkono wa mhunzi wake mwenyewe, yule aliyewafulia vya nguruwe: jinsi alivyokibana shingoni, jinsi alivyoacha ukingo mmoja mnene.

"Nilimjua aliyekifua," alisema. "Nilimjua kama namjua ndugu yangu."

"Ukamwambia nani?"

Hakujibu. Mhunzi alishakufa. Huenda yeye hakujua vyembe vyake vingeenda wapi, mhunzi huuza kwa mwenye pesa. Jirani hakurudi Likoni. Babu alisali laasiri, nikamngoja, na alipomaliza akaleta kibati cha vifaa vyake vya kushonea viatu, akatoa chembe kimoja, cheusi, ncha imekwisha kwa kutoboa ngozi.

Sikumuuliza kama hicho kilikuwa chake au ni kile cha mlangoni. Niliomba nikichukue siku moja nikapige picha, akakubali shingo upande. Nilikifunga ndani ya soksi, na pale kwenye feri walinzi wanapopekua mabegi moyo wangu ulipiga hadi kwenye chembe chake. Yule kijana wa mashine alinipungia mkono nipite.

Mjini niliingia kwa sonara mmoja, nikamsihi anipimie. Gramu 8. Nikapiga hesabu kwenye simu: punje 123 na kidogo. Mteja wangu ameandika kwamba mwindaji mwenye busara achague kati ya 100 na 125.

Makala niliituma usiku ule. Alitaka marekebisho mara mbili, kisha akanyamaza, na dola zangu mpaka leo sijaziona. Ijumaa babu alinipigia simu. Ana kiatu cha mtu anataka kukimaliza, nimrudishie kitu chake.