Bomba au Bilula? Historia ya Kifaa cha Kumiminia Bia na Suala la Istilahi

Utangulizi

Katika kazi ya istilahi, tatizo letu mara nyingi halitokani na uhaba wa maneno. Hutokana na wingi wa maana zilizotwishwa neno moja. Neno "bomba", tulilolipata kwa Wareno, ni mfano ulio wazi. Kwa bomba tunavuta maji kisimani. Katika bomba maji husafiri kutoka mtoni hadi mjini. Bombani watu hukinga ndoo. Na kwa bomba mganga hudunga dawa. Katika mazungumzo hakuna atakayepotea, kwani mazingira humfafanulia msikilizaji. Mfasiri wa maelezo ya mtambo hana msaada huo.

Makala haya yanakusudia kuichunguza historia ya kifaa kimoja tu, yaani kile kinachofunguliwa ili bia imiminike katika bilauri. Tumekichagua kwa sababu katika mtambo wake hukutana pampu, mrija, vali na mdomo wa kutolea, na vyote hivyo huweza kuitwa "bomba".

Kijiti na mwanzi

Kwa karne nyingi bia ya Ulaya ilihifadhiwa katika mapipa ya mbao. Pipa lilitobolewa karibu na kitako, tundu likatiwa kijimwanzi cha mbao, na kijimwanzi kikazibwa kwa kijiti. Waingereza waliviita vipande hivyo kwa majina mawili: kijimwanzi kilikuwa "faucet" na kijiti kilikuwa "spigot". Baadaye Wamarekani walilitumia jina la kijimwanzi kwa kifaa kizima, ilhali Uingereza kwenyewe lilitawala neno "tap". Kwa hiyo hata lugha hiyo haikuzaliwa na istilahi zilizopangika.

Bomba halisi

Mwaka 1797, Joseph Bramah, fundi wa Kiingereza aliyesifika kwa makufuli na mitambo ya maji, alipata hataza ya pampu ya bia. Mwuzaji aliuvuta mkono uliokuwa juu ya meza yake, na bia ikapanda kutoka katika mapipa yaliyokuwa ghalani chini. Kifaa hiki hufanya kazi ya kuvuta. Hapa neno "bomba" ni la haki kabisa, wala hatuoni sababu ya kulibadili.

Gesi yachukua kazi ya mkono

Mambo yaligeuka bia ilipotiwa katika kegi, yaani pipa la chuma lililofungwa, na kusukumwa kwa gesi ya kabonidayoksaidi. Gesi ikisukuma, hapana tena haja ya kuvuta. Kifaa kilichobaki mbele ya mnywaji kina kazi moja tu: kufunga na kufungua njia.

Mtambo wa namna hii uliingia majumbani hasa nchini Marekani. Mwezi Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoruhusu watu kupika bia nyumbani bila kodi, kwa kiasi kisichozidi galoni 100 kwa mwaka kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja, na galoni 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Baadaye viwanda vya soda vilipoanza kuacha kegi za Cornelius, ambazo huchukua lita 19 hivi, wapikaji wa nyumbani walizinunua kwa bei nafuu. Ndipo suala la kuchagua kifaa cha kumiminia likawa la mwenye nyumba, si la mwenye baa peke yake.

Kufunga nyuma na kufunga mbele

Kifaa cha kawaida na cha bei rahisi hufunga kwa nyuma, karibu na mahali kinapoungwa na mrija. Kikifungwa, sehemu ya mbele hubaki na mabaki ya bia na kupigwa na hewa. Katika baa inayouza kutwa kucha dosari hiyo haionekani sana. Nyumbani, ambako huenda siku tatu zikapita kabla ya kumimina tena, mabaki hukauka, ukungu huota, na mkono hunasa. Dawa yake ikawa kifaa kinachofunga kwa mbele, karibu na mdomo, ili bia ibaki nyuma ya kizibo mbali na hewa. Miongoni mwa waliokieneza ni kampuni ya Perlick ya Milwaukee.

Kuhusu madini, shaba nyeupe iliyopakwa kromu ni rahisi kununua. Lakini bia ina uchachu, na kromu ikichubuka bia hupata ladha ya chuma. Chuma cha pua hugharimu zaidi na hudumu zaidi. Aidha, ziko aina zenye kirekebishi cha kasi, na zile za bia iliyochanganywa na naitrojeni, mtindo ulioanzishwa na Guinness mwaka 1959, ambazo zina kisahani chenye vitundu vidogo ndani yake.

Hata hivyo, mwenye kulalamikia povu asikimbilie kubadili kifaa. Kwa bia yenye ubaridi wa nyuzi 3 hivi za Selsiasi na msukumo wa paundi 10 hadi 12 kwa inchi ya mraba, mrija wenye uwazi wa milimita 5 huhitaji urefu wa mita 2 hadi 3. Mrija ukiwa mfupi mno, hata kifaa bora kitatoa povu tupu.

Mapendekezo

Historia hii inatufunza kwamba kifaa kiliachana na kazi ya kuvuta, kikabaki na kazi ya kufunga. Kiswahili kina neno la kazi hiyo, nalo ni "bilula". "Mfereji", litumikalo Mombasa na Unguja, lina pia maana ya njia ya maji. Na "koki" huitwa vali za kila namna.

Huu si ubishi wa maneno matupu. Maelezo yakisema "funga bomba", msomaji aweza kufunga mdomo wa bia na kuiacha wazi vali ya mtungi wa gesi. Kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa, na ikivuja katika chumba kisichopitisha hewa huweza kuua. Kwa hiyo tunapendekeza:

Bomba: kifaa kinachovuta au kusukuma kioevu.

Mrija: njia nyembamba ya bia kutoka katika kegi, neno tulilo nalo tangu zamani kwa unyasi wa kunywea pombe.

Vali: kifungio cha mtungi wa gesi.

Bilula: kifaa cha kufungia na kumiminia, nayo iwe bilula ya kufunga nyuma au bilula ya kufunga mbele.

Wasomaji wenye maneno bora zaidi, hasa mafundi ambao mikono yao huvishika vifaa hivi kila siku, tunawaomba watuandikie. Istilahi isiyokubaliwa na fundi hubaki kitabuni.